Kilichobanwa Ndicho Kinachokatwa

Mtaani kwetu naitwa Fundi Kesho. Jina hilo sikujipa mwenyewe, nilipewa na wateja, na wateja wangu hawana huruma hata chembe. Ukiniletea pampu leo, nitakwambia njoo kesho. Ukija kesho, nitakwambia kesho. Msininyooshee kidole peke yangu lakini. Nionyeshe fundi asiyeongopa, nami nitakuonyesha samaki aliyekufa maji. Uongo wa fundi ni grisi tu, unalainisha mambo. Mteja anajua unaongopa, wewe unajua kwamba anajua, na maisha yanasonga.

Ila kuna uongo mmoja niliousema ambao haukuwa grisi.

Ule uliua mtu.

Jioni ninayoisimulia, mimi na shemeji yangu tulikuwa tunatoka kwa mchomeleaji kuchukua gia. Gia ile ilikuwa imevunjika meno manne. Mchomeleaji aliyajaza kwa moto, nami nikayapiga tupa kutwa nzima mpaka yakakaa sawa na wenzake. Shemeji aliibeba begani kama mtu aliyetumwa mkate. Ndiyo maana tunamwita Winchi. Ni kaka mkubwa wa mke wangu, ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, na mtu mwenye mdomo mwepesi kuliko mabega yake.

"Shemeji, leo tunamaliza?" akaniuliza.

"Leo."

"Leo ya watu wote, au leo yako wewe?"

Nikacheka. Nilicheka kwa sababu mtu akiacha kucheka ghafla, watu humuuliza ana nini. Na mimi nilikuwa na kitu. Ndani ya mfuko wangu wa spana, chini kabisa, nimekifunga kwenye gazeti, kulikuwa na kiatu kipya cha breki. Ni kipande kilichopinda, ukubwa wa soli ya ndala, ambacho ukikanyaga pedali hubana gurudumu na mashine husimama. Winchi hakujua kama ninacho. Mke wangu hakujua. Alijua Mungu na mimi, na marehemu, kama marehemu wanajua kitu.

Marehemu alikuwa mkerezaji, fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine inayozungusha. Tulijifunza kazi pamoja kwa bwana mmoja, tukila sahani moja. Miezi minane nyuma aliniambia, "Swahiba, breki ya mashine yangu imekwisha, niwekee mpya." Nikasema kesho. Zikapita kesho kumi na mbili. Aliponikaba koo, nikaenda bila kiatu kipya, maana nilikuwa nimesahau kuagiza. Nikakitoa cha zamani, nikakikwaruza kwa tupa, nikakibandika kwa gundi, nikakipaka rangi nyeusi.

"Mpya kabisa," nikamwambia. "Imetoka kwenye boksi mbele ya macho yangu."

Akanishukuru. Akaninunulia soda.

Wiki tatu kabla ya jioni hiyo, mkono wa shati lake ulinaswa na chuma kilichokuwa kinazunguka. Vibarua wake wanasema alikanyaga breki mara tatu. Mara zote tatu pedali ilizama mpaka chini na mashine ikaendelea. Ikamvuta mkono, ikamvuta bega, ikamviringisha kama nguo inayokamuliwa. Walilazimika kuvunja gia kwa nyundo kubwa ndipo wakapata kilichobaki. Wanasema alipokuwa anavutwa aliita jina moja tu, na halikuwa la mkewe.

Aliita, "Kesho! Kesho!"

Vibarua walidhani anaweweseka. Mimi nilipoambiwa nilijua ananiita mimi.

Sasa mkaguzi wa ajali za kazini alikuwa anakuja asubuhi iliyofuata. Alitaka aikute mashine imetengenezwa, aijaribu, kisha aifungue breki aitazame kwa macho yake kabla karakana haijaruhusiwa kufanya kazi tena. Angeiona gundi yangu na alama za tupa yangu. Nilikuwa na jioni hiyo moja tu ya kukitoa kile kiatu cha zamani. Nikishindwa, ni jela. Hiyo ndiyo sababu nilipoitwa kuitengeneza nilisema ndiyo bila kusema kesho, hata mke wangu akanishangaa.

Tukafika karakana jua likizama.

Mlango wa bati ulikuwa wazi nusu. Ndani kulinuka oili, mafuta ya taa na kitu kingine kilichokuwa chini ya hivyo viwili. Harufu ya nywele zilizoungua. Wameosha sakafu mara ngapi sijui, lakini ile harufu ilikuwa imehamia.

Mjane alikuwa pale pale tulipomwacha. Amekaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, macho kwenye mashine. Siku mbili tulizokuwa tunaifungua hakubanduka, hata chakula alikula pale pale. Kwenye pindo la nguo yake alikuwa amefunga fyuzi zote tatu za swichi kubwa. Alizichomoa mwenyewe siku ya ajali na hakumpa mtu tena.

"Mmechelewa," akasema.

"Mchomeleaji, shemeji," nikamjibu. "Unajua mafundi."

"Nawajua."

Nilimwita shemeji kwa sababu mumewe alikuwa ndugu kwangu. Yeye aliniita fundi. Zamani aliniita shemeji pia.

Tukawasha taa ya betri, tukaanza kazi. Sitawachosha na habari za nati. Ila lazima niwaambie tulichokikuta siku ya kwanza tulipofungua kichwa cha mashine, kile kisanduku kikubwa cha chuma chenye gia. Tulimwaga oili kwenye beseni. Oili ilikuwa nzito, nyeusi, na ndani yake kulikuwa na kifungo cha shati na jino moja la mtu. Hivyo nilivitegemea. Winchi akaingiza mkono tena, akatoa kucha.

Kisha nyingine. Akazipanga kwenye gazeti.

Marehemu alikuwa na vidole kumi kama sisi wote. Kwenye gazeti lile Winchi alipanga kucha ishirini na tatu. Kuanzia hapo hakunitania tena mpaka saa ya kwenda nyumbani, na kwa Winchi hilo ni kama mtu mwingine kuugua. Tulipomuuliza mjane, alizikunja kwenye gazeti akazitia mfukoni.

Jioni hii gia iliingia vizuri. Nikaizungusha kwa mkono, meno yakapokezana bila kelele. Tukarudisha mfuniko, tukafunga ile sahani nene ya mbele yenye meno matatu ya kubania chuma, ambayo mafundi tunaiita chaki. Siyo chaki ya mwalimu. Chaki hii ina uzito wa mbuzi wawili, na Winchi alipoinyanyua ikamponyoka ikamgonga ncha ya kiatu.

"Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi!" akapiga kelele akirukaruka mguu mmoja.

Hata mjane alitabasamu. Nikasema moyoni, jioni hii itakwisha salama.

Mara mtu akabisha getini. Mjane akasimama, kwa mara ya kwanza kwa siku tatu, akatoka. Nikamtuma Winchi kisimani akalete maji ya kunawa. Nikabaki peke yangu na mashine.

Sijawahi kufanya kazi haraka vile maishani. Boli mbili, springi, pini. Kiatu cha zamani kikaja mkononi mwangu na gundi yangu ile ile, imepasuka katikati, laini kama kiganja. Nikafunga kipya. Nikakanyaga pedali, nikaona kinabana sawasawa. Cha zamani nikakitumbukiza mfuko wa ovaroli.

Kilikuwa cha moto.

Mashine haijazunguka wiki tatu, umeme hakuna, na kile kipande kilikuwa kinanichoma paja kupitia kitambaa.

Nilipoinua macho, mjane alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Winchi akaingia nyuma yake na ndoo.

"Fundi," mjane akasema taratibu. "Ile breki uliyomwekea mume wangu. Ilikuwa mpya?"

"Mpya kabisa, shemeji."

Tik.

Sauti ndogo, kama mtu aliyegonganisha kucha zake mbili. Ilitoka kwenye mashine. Nikasema ni chuma kinapoa. Halafu nikakumbuka hakikuwa kimepata joto.

"Umesikia?" mjane akauliza.

"Gia inajiweka sawa."

Tik... tik...

Safari hii niliona. Chaki ilikuwa imezunguka upana wa kidole. Nikatazama swichi kubwa ukutani. Matundu matatu ya fyuzi yalikuwa matupu. Nikatazama pindo la nguo ya mjane. Fundo lilikuwa pale.

"Mume wangu alikuwa na njia yake," mjane akasema. Alirudi kukaa kwenye kigoda chake. "Kibarua akiiba kifaa, au mteja akikana maneno yake, hakupiga mtu, wala hakwenda polisi. Alimwambia aweke vidole katikati ya meno ya mashine aape. Mashine imezimwa kabisa. Mkweli alitoa mkono wake akaenda zake." Akagusa mfuko wake wenye lile gazeti. "Mwongo aliacha kucha. Wengine waliacha na kidole. Sijui alifanya nini na chuma hiki siku alipokileta. Nilimuuliza miaka kumi na moja, hakunijibu."

"Hadithi za karakana hizo, mama," Winchi akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Basi aape," mjane akasema. "Aweke mkono, aseme breki ilikuwa mpya. Nitalala usingizi. Sijalala wiki tatu."

Mimi, mtu mwenye akiba ya maneno ya kufungulia duka, nikasema vitu vya ovyo. Kwamba giza linaingia. Kwamba mimi si mtu wa kuapa kwa vyuma. Kwamba kesho...

"Kesho," mjane akarudia.

Hapo Winchi akakasirika. Lazima mnielewe kuhusu Winchi. Angeweza kunitania toka asubuhi hadi jioni, kuniita mwongo mbele ya mke wangu na watoto wangu, lakini mtu wa nje akinigusa, alikuwa anasimama kama ukuta. Akaweka ndoo chini, maji yakamwagika.

"Mama, tunakuheshimu kwa msiba wako," akasema. "Lakini huyu ameoa kwetu. Fundi Kesho ataongopa saa ya kuja na siku ya kumaliza, hilo dunia nzima inajua. Kazi yenyewe haongopi. Kuongopa breki? Ya rafiki yake? Wewe unataka kiapo, mimi nakuapia."

"Winchi, acha," nikasema.

"Niache nini? Kuna nini cha kuogopa?"

Na akanitazama. Lile swali lilikuwa langu. Ningeweza kulijibu. Mdomo wangu ulikuwa wazi kabisa, na mfukoni kile kipande kinaniunguza, na nilichofikiria ni mkaguzi wa asubuhi.

Nikaufunga mdomo.

Winchi akaingiza mkono wa kulia katikati ya meno matatu.

"Naapa shemeji yangu hakumdanganya mume wako," akasema kwa sauti kubwa, akicheka kidogo. "Kama alimdanganya, mashine hii initafune."

Winchi akanikonyeza.

Halafu meno yakasogea. Chaki hufungwa kwa ufunguo, unaunyonga kwa mikono miwili. Ufunguo ulikuwa mezani. Meno yalisogea yenyewe, yote matatu kwa pamoja, taratibu, kama mtu anayefumba mdomo. Yakashika kifundo cha mkono.

"Shemeji," akasema Winchi. "Shemeji, fungua."

Nikadaka ufunguo. Nikauingiza kwenye tundu, nikanyonga kwa nguvu zangu zote. Haukusogea.

Chaki ikaanza kuzunguka.

Ilizunguka polepole. Laiti ingezunguka kwa kasi ingekuwa imekwisha mara moja. Iligeuza mkono wake kama unavyogeuza kitasa, na kitasa kilipofika mwisho, iliendelea. Nilisikia kifundo kikikatika. Kuni mbichi hulia hivyo. Winchi hakupiga kelele mwanzoni, alitoa pumzi tu, ndefu, kisha akapiga kelele ambayo naisikia sasa ninavyoandika.

Nikarukia pedali. Breki mpya, niliyoifunga mwenyewe dakika chache zilizopita, ikabana. Ilibana vizuri mno. Ikatoa moshi, ikatoa cheche, ikanuka... na mashine haikujali. Nikachukua mtaimbo nikaukita kati ya chaki na kitanda cha mashine. Chaki ikaukamata ikaurusha. Ulinipiga mdomoni. Nikaanguka chali, nikatema meno yangu mawili kwenye maji yaliyomwagika, nikasimama tena.

"Sema," mjane akasema.

Hakuinuka. Alikaa na mikono mapajani.

"Zima!" nikamlilia. "Shemeji, nakuomba, zima!"

"Nizime nini? Fyuzi ninazo mimi. Sema."

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kuparuka. Sitaparuka. Nilijua la kufanya. Nilijua tangu meno yalipofumba. Maneno yenyewe hayakuwa hata kumi. Na nikasimama pale, damu inanitoka mdomoni, nikapiga hesabu. Nikawaza, mjane akisikia atamwambia mkaguzi. Nikawaza, pengine itasimama yenyewe. Nikawaza mlango wa jela ukifungwa. Ngozi ya Winchi ilikuwa inajisokota kwenye chuma, mfupa wa mkono ulikuwa umetoka nje mweupe, naye ananitazama machoni bila kuelewa kwa nini sifanyi kitu, na mimi niliwaza.

"Breki ilikuwa imechoka kidogo," nikasema.

Mashine ikapunguza mwendo. Naapa ilipunguza. Ilikuwa kama mtu aliyesimama kusikiliza. Winchi akavuta pumzi.

Kisha ikashika kasi.

"Nilimdanganya!" Sasa nilikuwa napiga kelele juu ya kelele zake. "Haikuwa mpya! Nilibandika ya zamani kwa gundi nikaipaka rangi! Nilijua! Nimekuja leo kuificha, hii hapa, hii hapa mfukoni!"

Nikakitoa nikakitupa sakafuni.

Chaki ikasimama. Meno yakafunguka yote matatu kwa pamoja, nao mkono wa Winchi, au kile kilichokuwa mkono, ukatoka, naye akaanguka. Nilijua la kusema mashine ilipokuwa kwenye kifundo. Nilisema kweli ilipofika kiwiko.

Majirani walikuja mbio kwa zile kelele. Nilimfunga Winchi juu ya kiwiko kwa mkanda wangu wa suruali. Walipokuwa wanatafuta gari la kumpeleka hospitali, mjane alikuja akachuchumaa karibu yangu. Aliokota kile kiatu cha zamani, akakifuta kwa pindo la nguo yake, akaninong'oneza:

"Mkaguzi akijua, atakufunga miaka miwili, mitatu. Utatoka. Mimi sitamwambia kitu."

"Unataka nini?" nikamuuliza. "Nimesema kweli. Imesimama. Imekwisha."

"Imesimama leo." Aliniangalia kwa macho ya mtu aliyechoka sana. "Wewe ni fundi, unaijua mashine. Anayeiendesha hakatwi. Kilichobanwa ndicho kinachokatwa. Na huyu kaka amejibana mwenyewe kwa ajili yako."

Sikuelewa. Au nilielewa nikajidanganya, maana hata mwenyewe najidanganya.

Asubuhi mkaguzi alikuja. Alifungua breki mbele yangu, akatikisa kichwa, akaandika kwamba kiatu ni kipya na kimefungwa kwa ufundi mzuri. Aliuliza mashine ilimkamataje mtu bila umeme. Mjane akasema hajui, yeye ni mwanamke wa nyumbani tu. Mkaguzi akaandika kwamba huenda mtu aliizungusha kwa mkono kwa mzaha. Akaamuru ifunguliwe yote ipelekwe stoo kwao. Nilisaidia kuifungua mimi mwenyewe. Chaki kwenye sanduku moja, shafti kwenye lingine, gia kwenye gunia. Gari la mkaguzi liliondoka nayo vipande vipande, na mimi nikaenda hospitali nikiwa mtu huru kwa mujibu wa serikali.

Ilikuwa saa sita mchana. Jua linawaka dirishani, wauguzi wanapita na vitoroli, mtu kitanda cha tatu anasikiliza mpira kwenye redio. Winchi alikuwa amelala kwa dawa. Mkono wa kulia ulikuwa umekatwa juu ya kiwiko, umefungwa bendeji nyeupe. Wa kushoto ulikuwa juu ya shuka, umetulia. Mke wangu alikuwa ameushika.

Macho yake yalikuwa yamevimba. Aliponiona na mdomo wangu uliovimba na pengo langu, alilia upya, akanivuta nikae karibu naye.

"Aliamka alfajiri," akasema. "Aliongea kidogo. Alisema wewe ndiye uliyemwokoa. Kuna maneno ya kuisimamisha, sikumwelewa vizuri, dawa zilikuwa zinamlevya. Alisema uliyasema papo hapo. Ilipomshika tu."

Nikatazama sakafu.

"Ndivyo?" akaniuliza. "Papo hapo?"

Aliuliza kwa upendo. Hakuwa na shaka yoyote. Alitaka tu kulisikia neno kwangu, alishike mahali, limsaidie kuimaliza siku ile. Winchi alikuwa amenisitiri, kama kawaida yake, au labda kwenye maumivu yale muda ulimpotea. Lilikuwa neno moja tu. Ndiyo. Mume yeyote angelisema.

Nikafungua mdomo.

Tik.

Niliangalia dirishani. Niliangalia kitoroli cha muuguzi. Kisha nikaangalia mkono wa kushoto wa Winchi.

Mke wangu alikuwa ameuachia ili ajifute machozi. Kidole kidogo, kile cha pembeni, kilikuwa kinageuka. Polepole, peke yake, huku vingine vimetulia. Kiligeuka mpaka mwisho wake, na kilipofika mwisho, kiliendelea. Winchi akakunja uso usingizini.

Sikuwa nimesema ndiyo. Nilikuwa nimeifikiria tu.

Nilijua la kufanya. Maneno yenyewe hayakuwa hata matano. "Hapana, nilisubiri, niliogopa." Lakini mke wangu alikuwa ananitazama, na nilijua baada ya maneno hayo hatanitazama vile tena mpaka siku ya kufa kwangu, na watoto watakua wakijua. Nikawaza, pengine kitasimama chenyewe...

Tak.

Winchi akaamka akipiga kelele. Mke wangu akageuka. Muuguzi akaja mbio.

"Nilisubiri!" nikasema. "Sikusema papo hapo, niliogopa jela, nilisubiri mpaka kiwikoni! Mimi ndiye niliyemuua Mkerezaji! Nilisubiri!"

Mtu wa kitanda cha tatu akaipunguza redio. Nilikuwa nimesema yote, sikubakiza kitu, nikamgeukia mke wangu anitukane, anipige, afanye lolote.

Alikuwa ameinama juu ya kitanda, ameushika ule mkono uliobaki, anavihesabu vidole vya kaka yake vilivyo vizima. Vilipaswa kuwa vinne; alifika cha tatu akarudia kuhesabu.